Je, Mshindani Wangu ni Adui Yangu?

Dada mmoja asukaye vikapu vya ukindu ameniletea swali, nami nimeona si vema kulijibu kwa barua ya faragha peke yake, maana hapana shaka wako ndugu wengi, wake kwa waume, waliomo katika hali kama yake. Kazi yake ni kutokosa ukindu katika rangi, kusuka ukili, na kushona vikapu na makawa. Kila mwaka huvipeleka mahali pawili: mwanzo wa Julai huenda kwenye maonyesho ya Saba Saba, barabara ya Kilwa mjini Dar es Salaam, na mwezi wa Agosti huenda Nane Nane mjini Morogoro. Fedha anazopata katika majuma hayo machache ndizo zinunuazo sare na madaftari ya wanawe watatu. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili tangu mwanzo, ili asidhani kuwa tunazungumza habari za mchezo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka juzi, huko Saba Saba, alipewa meza iliyo jirani na ya mama mmoja mtu mzima auzaye bidhaa za namna ile ile. Asubuhi ya kwanza alimwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mkubwa kwake, hakuitikiwa marahaba. Siku ya pili mama yule aliivuta kamba yake ya kutundikia mikeka hata ikaziba nusu ya meza ya dada yetu. Siku ya nne dada alisikia kwa masikio yake mnunuzi akiambiwa kwamba vikapu vya meza ile nyingine rangi yake huchuja na kuharibu nguo. Mwaka uliofuata wakawekwa jirani tena, na juu ya meza ya mama yule palikuwa na vikapu vinane vyenye ua la pembe sita, ambalo dada yetu asema alilibuni mwenyewe, navyo viliuzwa kwa bei iliyopungua yake kwa shilingi elfu tatu.

Mwisho wa barua anaandika hivi: «Nimeingia katika dini miaka mitatu tu. Zamani ningejua la kufanya, na mama yule angejua kuwa nimelifanya. Sasa nanyamaza, lakini moyo wangu haunyamazi. Je, kunyamaza huku ni subira, au ni woga niliouvika jina zuri?»

Nimelisoma swali hili mara nyingi. Wengi wetu hudhani kwamba elimu ya maadili yahusu mambo makubwa, kama vita, utawala na hukumu za mahakama. Lakini watu walio wengi hawataulizwa kamwe kama vita fulani ilipiganwa kwa haki. Wataulizwa habari za meza yenye urefu wa hatua mbili, na jirani aliyeiziba nusu.

Naona kuwa dada yetu amefunga mambo matatu katika mzigo mmoja. Mama yule anauza kitu kile kile kwa bei ndogo. Mama yule amemzulia uongo na kumziba nafasi yake. Na mama yule hampendi. Kwa moyo wenye uchungu haya yote ni kitu kimoja, nacho huitwa uadui. Lakini ukiyatenga utaona kwamba la kwanza halina kosa ndani yake, la pili ni dhuluma, na la tatu si jambo ambalo mtu aweza kulidai mbele ya hakimu yeyote. Ni hatari kuyachanganya, kwa sababu mtu hujikuta akilipa la tatu kwa malipo ya la pili, tena kwa mtu aliyemkosea katika la kwanza tu, yaani asiyemkosea kitu.

Nianze na bei. Imepokewa kwamba zama za Mtume Mtukufu s.a.w. bei zilipanda mjini Madina, na watu wakamwomba awawekee bei. Alikataa. Aliwaeleza kuwa bei zimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, naye alitumaini kukutana na Mola wake pasiwe na mtu wa kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Na Sayyidna Umar r.a. alipokuwa akipita sokoni alimkuta Hatib bin Abi Baltaa r.a. akiuza zabibu kavu kwa bei ya chini, akamwambia ama apandishe bei ama aondoe mali yake sokoni. Hapo wauzaji wengi wangefurahi na kufunga kitabu. Lakini imepokewa pia kwamba Umar aliihesabu nafsi yake, kisha akamfuata Hatib nyumbani kwake, akamweleza kwamba neno lile halikuwa hukumu wala amri, ila ni jambo alilolipenda kwa ajili ya heri ya watu wa mji, na kwamba auze po pote na vyo vyote apendavyo. Khalifa mwenye haiba kama ile, kubisha hodi nyumbani kwa muuza zabibu ili aliondoe neno lake mwenyewe! Sijui ni wakuu wangapi wa masoko yetu wawezao kufanya hivyo.

Basi mama aliyepunguza shilingi elfu tatu hakumdhulumu mtu kwa kupunguza. Pengine ukindu anaukata mwenyewe bondeni, hali dada yetu ananunua mafungu. Pengine binti zake humsaidia kusuka. Pengine anajidhulumu nafsi yake, kama wafanyavyo mafundi wengi wa mkono, ambao huhesabu rangi na nauli lakini siku zao wenyewe hawazihesabu, wakadhani wamepata faida kumbe wameuza siku kumi bure. Kwa vyo vyote vile, kuumia kwangu si ushahidi kwamba nimedhulumiwa. Bei ndogo ya jirani yaniumiza kama mvua inyeshayo siku ya maonyesho inavyoniumiza.

Hapa lugha yenyewe hutupoteza. Twasema «mteja wangu» kama tusemavyo «mbuzi wangu», na jirani akimwita twasema ametuibia. Lakini mnunuzi apitaye baina ya meza mbili na fedha yake mkononi si mali ya mtu. Amekuja na haki yake kamili ya kutazama, kulinganisha na kwenda zake. Kilicho changu ni ukili nilioushona na neno nitakalosema juu yake.

Hata hivyo uhuru huu una mpaka. Mtume s.a.w. alikataza mtu kuuza juu ya mauzo ya ndugu yake. Katika maonyesho, naona maana yake ni hii: maadamu mnunuzi anatazama tu, kila mmoja ana ruhusa ya kumkaribisha, lakini akiisha kukubaliana bei na jirani, na kikapu kimo mkononi mwake, basi yule wa pembeni hana ruhusa ya kupaza sauti kwamba yeye atampa kwa pungufu. Alikataza vile vile hila ya mtu asiye na nia ya kununua kujifanya mnunuzi ili kupandisha bei kwa wengine. Nataja hili kwa sababu katika maonyesho yetu si jambo geni mtu kumtuma binamu yake asimame mbele ya meza, ashike bidhaa, aisifu kwa sauti na kulalamika kuwa zimebaki chache. Watu hulicheka na kuliita ujanja wa biashara. Ni uongo uliosemwa na watu wawili.

Sasa niseme jambo ambalo dada yetu hatalipenda mara moja. Mama yule anamletea wanunuzi. Waarabu wa zamani hawakwenda Ukadh kila mtu kwa siku yake ili asikutane na mshindani. Walikusanyika kwa siku zinazojulikana, kwa sababu mahali penye wauzaji wengi ndipo mnunuzi wa mbali huona inafaa kusafiri. Mwenge, mjini Dar es Salaam, wachongaji wa mpingo wamejipanga kibanda kwa kibanda, na mgeni huenda pale kwa sababu hiyo hiyo. Wakamba wachongao sanamu huko Changamwe, Mombasa, walilielewa jambo hili hata wakaunda chama chao cha ushirika tangu mwaka 1963, na kazi za mikono mingi huuzwa chini ya paa moja. Meza moja ya vikapu katika uwanja mkubwa haionekani. Meza mbili ni mahali pa vikapu. Ni kweli kwamba mnunuzi aliyekwisha nunua kwa mama yule huenda asinunue tena kwa dada. Lakini kama zote mbili zisingekuwapo pale, huenda angepita moja kwa moja hadi kwenye magodoro.

Basi tuje kwenye dhuluma, kwani ipo.

Kumwambia mnunuzi kwamba rangi ya mwenzako yachuja, hali hujaijaribu, ni kumzulia mtu, na kuivuta kamba ili kuziba meza iliyolipiwa na mwingine ni kula haki yake. Dini haikumwamuru aliyedhulumiwa akae kimya kama jiwe. Kurani Tukufu inafundisha kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, lakini inamtoa katika katazo hilo mtu aliyedhulumiwa. Na mahali pengine inaeleza kwamba malipo ya ubaya ni ubaya ulio sawa nao, lakini mwenye kusamehe na kuleta suluhu, malipo yake yako kwa Mungu. Wageni katika Uislamu husoma sehemu moja tu ya fundisho hili. Wengine huona ruhusa ya kulipiza, wakaishika. Wengine huona sifa ya msamaha, wakadhani kila msamaha ni wema. Lakini msamaha umefungamanishwa na suluhu, yaani na kutengenea kwa jambo. Basi swali la kujiuliza ni: je, nikifanya hivi, mambo yatatengenea au yataharibika zaidi? Msamaha umwongezao mdhalimu ujasiri hautengenezi kitu, na kisasi kiwashacho moto banda zima hakitengenezi kitu.

Kwa kipimo hiki, kunyamaza kwa dada yetu juu ya kamba na juu ya uongo hakukuwa kuzuri. Ilimpasa aseme. Lakini aseme na nani, na lini? Asiseme mbele ya wanunuzi, kwani hapo mama yule angelazimika kujitetea, na mtu anayejitetea mbele ya watu huongeza uongo juu ya uongo. Angengoja jioni, mabanda yanapofungwa na kila mtu anakunja nguo zake, akamwendea peke yake na kumwita mama, akasema: «Mama, nimesikia maneno uliyomwambia mnunuzi. Vikapu vyangu hivi hapa, vijaribu mwenyewe.» Ikiwa hayo hayakufaa, yuko msimamizi wa banda, na kwenda kwake si umbeya, maana ndiyo kazi aliyowekewa. Na asimpelekee msimamizi habari za kunyimwa marahaba. Ampelekee kamba.

Kuhusu rangi, ipo njia iliyo bora kuliko maneno. Aweke juu ya meza kitambaa cheupe na bakuli la maji, na kila mnunuzi mwenye shaka alowanishe kitambaa na kukisugua juu ya kikapu. Ukindu uliotokoswa vizuri na kuoshwa hautaacha alama. Mtume s.a.w. alipopita sokoni alitia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule uliolowa juu, watu wauone. Na mwenye kudanganya aliambiwa kuwa hana fungu katika umoja wa waumini. Kitambaa cheupe ni kumwalika mnunuzi atie mkono wake ndani ya chungu.

Dada yetu aweza kuuliza: na kama nikijua kwa yakini kuwa vikapu vya mama yule ndivyo vinavyochuja, je, nimwache mnunuzi apate hasara? Swali hili si jepesi, kwani kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa pia ni kosa. Mimi naona hivi. Ushahidi wangu juu ya mshindani wangu, hata ukiwa wa kweli, una faida yangu ndani yake, nami siwezi kujua ni kiasi gani cha ulimi wangu kinasukumwa na kweli na kiasi gani na elfu tatu. Basi nimfundishe mnunuzi namna ya kukijaribu kikapu cho chote, cha meza yo yote, kwa kitambaa na maji. Akitaka kwenda kukijaribu cha jirani, macho ni yake. Kwa njia hiyo yeye amelindwa, wala mimi sikumsema mtu.

Limebaki lile ua la pembe sita, nalo limenipa taabu zaidi ya mengine. Hapa nitakaa kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mchongaji mmoja Mmakonde, jina lake Samaki Likankoa, alianza kuchonga sanamu za sura ngeni zilizokuja kuitwa shetani. Husimuliwa kwamba sanamu yake moja ilivunjika, naye akaipeleka hivyo hivyo kwa Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ambaye badala ya kuitupa aliona kitu kipya ndani yake na kumtia moyo aendelee. Haukupita muda mrefu, wachongaji wengi walikuwa wakichonga mashetani. Hali kadhalika Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kama zile zipakwazo baiskeli, alikufa mwaka 1972. Kazi yake ya uchoraji ilidumu miaka michache mno. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea na mtindo ule, na mwaka 1990 kukawa na chama cha ushirika kilichobeba jina lake. Leo mamia ya watu hula kwa njia aliyoifungua mtu mmoja. Je, hawa wote ni wezi?

Siwezi kusema hivyo. Kama kila mwenye kubuni angeifungia njia yake, sanaa ingekufa pamoja naye. Katika barua yake dada yetu anasema kushona alifundishwa na shangazi yake huko Rufiji. Na shangazi alifundishwa na nani? Yale maua mengine yote yaliyomo katika vikapu vyake, ambayo anayauza bila kuwaza, ni ya nani? Amepokea ghala nzima ya urithi bila kulipa senti, naye ameongeza ndani yake ua moja. Nadhani akilitazama hivyo uchungu wake utapungua, ingawa hautakwisha; na sisemi kuwa lazima uishe. Maana ipo tofauti kati ya kuifuata njia aliyoifungua mwenzako na kudai kuwa wewe ndiwe uliyeifungua. Mchoraji akichora kwa mtindo wa Tingatinga hana lawama. Akiandika jina la marehemu juu ya ubao ambao marehemu hakuugusa, amesema uongo. Mama yule akishona ua la pembe sita, ameshona ua. Akimwambia mnunuzi kuwa dada yetu ndiye aliyeiga, hapo amemdhulumu. Tanzania inayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mwenye kubuni kazi kubwa asiidharau. Lakini kwa ua la kikapu ningemshauri dada jambo la gharama ndogo: ashone uzi mwekundu katika ukingo wa kila kikapu atokacho nacho mkononi, na kadi ndogo yenye jina lake. Ua laweza kuigwa. Mwaka utakaofuata mnunuzi atatafuta uzi.

Sasa ile salamu isiyoitikiwa. Mtu akisalimiwa imempasa aitikie kwa wema ulio sawa au uliozidi. Hilo ni deni la mama yule, na Mwenye kuhesabu madeni ndiye alijuaye. Lakini mapenzi si deni. Hakuna aliyeahidiwa kwamba jirani yake wa mezani atampenda. Mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilikaa miaka miwili chumba kimoja na mwenzangu ambaye hakunipenda. Nilitumia nguvu nyingi kutafuta kosa langu, nikamnunulia matunda, nikamfulia shuka. Kosa sikuliona, na matunda aliyala. Mwisho nilitambua kuwa nilikuwa najaribu kumnunua, na yeye alikuwa ameona hivyo mapema kuliko mimi.

Nasema haya kwa sababu mtu aweza kuitumia salamu kama mshale. Akimwamkia yule mama kila asubuhi kwa sauti kubwa mbele ya wanunuzi, ili wote waone nani mpole na nani mkavu, huyo hakusalimu. Na yamkini mama yule anao uchungu wake, ambao dada haujui wala hana haja ya kuuchungulia. Amwamkie mara moja, kwa sauti ya kawaida, mapema kabla watu hawajaingia, kisha aendelee kutandika vitu vyake.

Lakini hatari iliyo kubwa kupita zote sijaitaja bado, nayo haimo katika meza ya mama yule. Imo mkononi mwa dada yetu. Mtu akiisha kumwona mshindani kuwa ni adui, huanza kufanya kazi akimtazama yeye, akaacha kuitazama kazi. Kwanza ataulegeza ukili kidogo ili amalize upesi na aweze kushusha bei. Kisha atapunguza kushona chini ya kikapu, mahali ambapo mnunuzi hatazami. Nimeona jambo hili katika uchongaji. Mpingo ni mti mgumu na mzito, hata ukiutia majini huzama, na kuuchonga kwataka siku nyingi. Wako waliochoka kushindana kwa bei, wakachukua mti mwepesi mweupe, wakaupaka rangi ya viatu, wakauuza kwa jina la mpingo. Ukiwauliza watakuambia: wenzetu ndio walioanza. Huenda ni kweli. Lakini mnunuzi aliyefika kwao na kuukwaruza kwa ukucha akaona weupe hatauliza nani alianza. Naye atawaambia rafiki zake kuwa wachongaji wa Afrika Mashariki ni waongo, na maneno yake yatamfikia hata yule mzee ambaye hajawahi kugusa kopo la rangi ya viatu.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Natamani ingekuwa hivyo daima. Katika maonyesho ya siku chache, mbele ya mgeni asiyejua ukindu wala milala, kibaya chenye bei ndogo na maneno mengi mara nyingi huuzwa kwanza. Baadhi ya wahubiri huwaahidi wauzaji kwamba ukiwa mwaminifu utapata faida kuliko wengine. Mimi sithubutu kumwahidi dada yetu hivyo. Yawezekana akaweka kitambaa chake cheupe, akajizuia ulimi wake, akashona chini ya kikapu kama ashonavyo juu, na jioni akahesabu fedha pungufu kuliko za jirani, na daftari moja likakosekana. Ikiwa uaminifu ni hila ya kupata faida, basi siku faida isipokuja mtu atauacha, naye atakuwa na hoja. Abdurrahman bin Auf r.a. alipofika Madina bila kitu, Saad bin Rabii r.a. alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye aliomba aonyeshwe soko tu, akaanza na jibini na samli. Alitajirika baadaye, hilo lajulikana. Lakini asubuhi ile alipouliza njia ya soko hakuwa amejulishwa kuwa atatajirika.

Na sasa lile swali lake, kama kunyamaza kwake ni subira au woga. Namwomba ajitazame hivi. Lipi alilokuwa na uwezo nalo, akaliacha? Kumvunjia yule mama vitu, kumtukana, kumzulia uongo kama wake, yote hayo aliyaweza, na barua yake yaonyesha wazi kuwa zamani angeyafanya. Aliyaacha. Hapo alikuwa na subira, nami sitaki ajipunguzie. Bali kumwendea jioni na kusema naye uso kwa uso, na kumwonyesha msimamizi ile kamba, hayo yalikuwa haki yake na hakuyafanya, kwa kuogopa kuwa angejibiwa vibaya. Hapo alikuwa na woga. Mtu mmoja, katika juma moja, aweza kuwa na vyote viwili, naye akaviita kwa jina moja.

Nilimwandikia haya, ila kwa ufupi, kabla ya maonyesho ya mwaka huu. Baada ya Saba Saba nimepata jibu lake. Wamewekwa tena banda moja, safari hii na meza moja katikati yao. Alimwendea mama yule jioni ya kwanza, akasema naye habari za rangi. Mama alimsikiliza, akakunja mikeka yake, akaondoka bila neno. Kamba haikuvutwa tena. Siku ya tano alikuja mnunuzi akitafuta mkeka mkubwa wa chumbani, kitu ambacho dada yetu hashoni, naye akamwonyesha meza ya mama. Mkeka ulinunuliwa. Mama alipokea fedha, akazihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la khanga. Hakutoa shukrani. Marahaba, anaandika, bado.